Abdullah bin al-Muqaffa: Karani Aliyewasemesha Wanyama kwa Kiarabu



Wanafunzi wetu wapenzi, katika toleo hili tumeona tuwaelezeni habari za mtu ambaye wengi wenu mmekwisha kuzisikia hadithi zake bila ya kulisikia jina lake. Nani kati yenu hajui hadithi ya kima aliyepandishwa mgongoni na papa, kisha akaambiwa katikati ya bahari kuwa kinachotakiwa ni moyo wake? Bibi zetu walitusimulia, na sisi tumewasimulia wadogo zetu. Hadithi ile haikuanzia Unguja wala Mombasa. Ilianzia Bara Hindi, ikapita Uajemi, ikaingia Iraki, na huko ikapokewa na karani mmoja wa Basra, Abdullah bin al-Muqaffa, aliyeivisha kanzu ya Kiarabu.

Tumemchagua pia kwa sababu nyingine. Kila mwaka hakosekani mzazi anayetuuliza kwa nini watoto wa chuoni wasomewe hadithi za wanyama wanaosema, ilhali wanyama hawasemi na uongo ni haramu. Swali hili halifai kupuuzwa, maana mzazi anayeuliza anaiogopea dini ya mwanawe. Tutalijibu mahali pake, inshaallah.

Alizaliwa kiasi cha mwaka 106 Hijria (724 Miladia) katika mji wa Jur, nchi ya Fars, ambao leo unaitwa Firuzabad na umo Irani. Wazee wake walikuwa Majusi, na jina walilompa ni Ruzbih. Baba yake, Dadhuwayh, alikuwa mtoza kharaj, yaani kodi ya ardhi, katika zama za Bani Umayya. Mzee huyu alituhumiwa kuwa amekula mali ya serikali, na inasemwa ni al-Hajjaj bin Yusuf, liwali yule mkali wa Iraki, aliyeamuru apigwe. Alipigwa hata mkono wake ukapooza na kukunjamana. Kutokana na hapo watu wakamwita al-Muqaffa, maana yake mwenye mkono uliokunjamana. Basi mtoto akaitwa mwana wa al-Muqaffa, na hilo ndilo jina lililobaki. Hebu fikirini, mtu mwenye ufasaha usio na mfano, na kila anayemtaja analitaja pigo alilopigwa baba yake.

Dadhuwayh alitaka mwanawe apate elimu. Kijana akalelewa Basra, mji wa bandari uliokuwa umejaa Waarabu wa majangwani, Waajemi, Wahindi na wafanyabiashara wa kila rangi. Alikuwa karibu na ukoo wa Aal al-Ahtam, watu waliosifika kwa ufasaha wa kusema. Kiajemi alikinyonya kwa mama, na Kiarabu akajifunza kwa wenye nacho, mpaka Waarabu wenyewe wakawa wanachukua kwake. Hili lisipite hivihivi. Mtu ambaye Kiarabu si lugha ya nyumbani kwao alikuja kuwa miongoni mwa waasisi wa nathari ya Kiarabu. Watoto wetu wanaodhani kuwa nahau ya Kiarabu ni ya Waarabu peke yao na wamtazame yeye.

Alipokuwa kijana alifanya kazi ya ukarani katika nchi ya Kirman chini ya maliwali wa Bani Umayya. Karani wa zama zile hakuwa mtu wa kunakili barua tu. Yeye ndiye aliyeandika kwa niaba ya mtawala, akachagua neno la kupoza na neno la kutisha, na kwa neno moja likikosewa vita viliweza kuzuka. Rafiki yake mkubwa alikuwa Abdul-Hamid al-Katib, karani wa khalifa wa mwisho wa Bani Umayya huko Sham. Dola ile ilipoanguka mwaka 132 Hijria (750 Miladia), Abdul-Hamid alitafutwa auawe. Inasimuliwa kuwa askari walipoingia nyumbani walimokuwa wawili hao wakauliza ni yupi Abdul-Hamid, kila mmoja alijibu kuwa ni yeye. Ibn al-Muqaffa alikuwa tayari kufa badala ya rafiki yake. Abdul-Hamid aliogopa asije akauawa mwenzake bure, akawaeleza askari alama za kumtambua, nao wakamchukua.

Yapo masimulizi mengine ya ukarimu wake. Alikuwa na jirani, na yeye alikuwa na mazoea ya kukaa kwenye kivuli cha nyumba ya jirani huyo. Siku moja akapata habari kuwa jirani anaiuza nyumba ile kwa ajili ya deni. Akaona kuwa hatakuwa ameitimizia haki yake hata kivuli alichokuwa akikikalia, ikiwa mwenyewe atauza kwa ufukara na yeye alale na fedha zake. Akampelekea thamani yote ya nyumba, na nyumba isiuzwe.

Bani Abbas waliposhika ufalme, Ibn al-Muqaffa aliingia katika utumishi wa ami zake khalifa, nao ni Isa bin Ali na Suleiman bin Ali, aliyekuwa liwali wa Basra. Kwa Isa ndiko alikosilimu. Alimwendea akamweleza kuwa Uislamu umeingia moyoni mwake na anataka kusilimu mikononi mwake. Isa akapenda jambo hilo lifanyike kesho yake, mbele ya makamanda na wakubwa wa watu. Jioni ile kikaletwa chakula, na Ibn al-Muqaffa akakaa kula huku akinong'ona dua za Kimajusi kama ilivyokuwa ada ya watu wake. Isa akastaajabu, mbona ananong'ona naye keshaazimia kusilimu? Akajibu kuwa hapendi kulala hata usiku mmoja bila ya dini. Asubuhi akasilimu, akaitwa Abdullah, na kuniya yake ikawa Abu Muhammad.

Sasa tuje kwenye kitabu. Asili yake ni mkusanyiko wa hadithi za Kihindi unaoitwa Panchatantra, yaani milango mitano. Wahindi husimulia kuwa mfalme mmoja alikuwa na wana watatu wavivu wa kusoma, wasiotaka kufunzwa chochote, na mzee mmoja mwenye hekima, Vishnu Sharma, akaahidi kuwafunza utawala na busara kwa muda wa miezi sita. Hakuwapa vitabu vizito. Aliwasimulia habari za simba, mbweha, kunguru, kobe na nyani. Kwa hiyo tangu mwanzo kitabu hiki kilikuwa dawa ya watoto wasiopenda chuo, na walimu wenzetu watakuwa wametuelewa.

Katika karne ya 6 Miladia, mfalme wa Uajemi Khosrow Anushirwan alimtuma tabibu wake Burzuya aende India kukitafuta. Burzuya akarudi nacho kwa Kipahlavi, Kiajemi cha zamani, akiwa ameongeza hadithi nyingine za Kihindi. Nakala hiyo ya Kipahlavi imepotea, haipo tena duniani. Miongoni mwa zilizotokana nayo na kubaki ni ile aliyoifanya Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu, aliyoiita Kalila na Dimna kwa majina ya mbweha wawili ambao Wahindi waliwaita Karataka na Damanaka. Kutoka hiyo ndiyo zikazaliwa karibu nakala zote zilizoenea magharibi ya India.

Je, alifasiri tu? La. Alikichukua kitabu cha watu wengine akakitengenezea nyumba mpya kwa watu wake, na hii ndiyo kazi tunayotaka muitazame kwa makini. Katika hadithi za Kihindi mna makuhani wa Kibrahmani kila pahali. Katika Kiarabu wamekuwa watawa, watu wa ibada wanaoeleweka na kila msomaji. Yule kuhani maskini aliyekuwa na chungu cha unga wa nafaka, akalala akiota mali atakayopata akiuza, amekuwa mtawa mwenye mtungi wa samli na asali ulioning'inizwa juu ya kichwa chake. Anawaza atauza, atanunua mbuzi, mbuzi watazaana, atanunua ng'ombe na mashamba, ataoa, atazaa mtoto wa kiume, na mtoto asipotii atampiga kwa fimbo hivi! Na fimbo ikaupiga mtungi, samli ikamwagikia usoni. Nguchiro wa Kihindi, aliyemwokoa mtoto mchanga na nyoka kisha akauawa na baba kwa haraka zake, amekuwa ibn irs, mnyama mdogo afananaye na kicheche, maana huyo ndiye waliyemjua. Msiba ni uleule. Baba anamkuta mnyama mlangoni mdomo umetapakaa damu, anadhani amemla mtoto, anampiga, kisha anaingia ndani anamkuta mtoto salama na nyoka amekatwa vipande.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote limo katika hadithi ya kwanza. Dimna ni mbweha mwenye tamaa ya cheo. Anamleta fahali Shatraba kwa mfalme simba, fahali anapendwa, na Dimna anaingiwa na husuda. Anamwendea simba na kumwambia fahali anakula njama, anamwendea fahali na kumwambia simba anataka kumla. Wawili wanakutana kila mmoja akimwogopa mwenziwe, wanapigana, na simba anamuua rafiki yake. Katika asili ya Kihindi mambo yanaishia hapo, na mbweha anabaki na cheo chake kando ya mfalme. Mfitini ameshinda.

Kitabu cha Kiarabu kimekataa hilo. Umeongezwa mlango mzima usiokuwamo katika asili ya Kihindi, mlango wa kuchunguzwa jambo la Dimna, na wataalamu wengi wanaona kuwa ameuandika Ibn al-Muqaffa mwenyewe. Humo chui anapita usiku na kumsikia Kalila akimlaumu ndugu yake kwa uovu aliofanya. Habari zinamfikia mama yake simba, naye hampi mwanawe usingizi mpaka haki itafutwe. Baraza linakusanywa, kadhi anakaa. Dimna anajitetea kwa maneno matamu hata wanaomsikiliza wanababaika. Kalila anakufa kwa huzuni na hofu. Dimna anatiwa gerezani, na mle gerezani mlikuwa na duma mfungwa aliyeyasikia mazungumzo ya mbweha hao wawili. Mwishowe chui anatoa ushahidi, na duma naye anatoa wa kwake. Wanapoulizwa kwa nini hawakusema mapema, kila mmoja anajibu kuwa alijua ushahidi wa mmoja hauleti hukumu. Ndipo Dimna akahukumiwa kufa.

Mwanafunzi aliyefika darasa la fiq-hi atakuwa amekwisha kutabasamu. Mashahidi wawili! Msitu wa India umeingiwa na mahakama ya Kiislamu, na hata mbweha ambaye kila mtu anajua kuwa ni mwovu hauawi mpaka ushahidi utimie. Kwa maoni yetu mlango huu peke yake unatosha kuonyesha tofauti ya mfasiri na msimulizi. Msimulizi anajiuliza watoto wa mji wake watalala na picha gani vichwani, naye hakutaka walale na picha ya mfitini aliyekaa juu ya kiti.

Aliandika pia utangulizi wake mwenyewe, na humo ndimo linamopatikana jibu la kwanza kwa wazazi wetu. Anaeleza kuwa hadithi zimetiwa katika vinywa vya wanyama ili vijana wavutwe nazo, wazisome kwa kupenda na wazihifadhi. Kijana huyo akikua na akili ikimkamilikia, anakuta moyoni mwake kuna hazina ambayo hakuichuma kwa taabu, mfano wa mtu anayebaleghe akakuta wazazi wake wamemwekea mali. Jibu la pili limetoka kwa mtu mwingine wa Basra, al-Hariri, mwenye Maqamat, aliyefariki mwaka 516 Hijria (1122 Miladia). Yeye alipotetea visa vyake vya kubuni alikumbusha kuwa hadithi za wanyama na vitu visivyo na roho zimesimuliwa siku zote, na haijasikiwa kuwa msimulizi wake alihesabiwa ni mwenye dhambi. Na sisi tunaongeza kuwa uongo ni kumfanya mtu aamini kisichokuwa, na hakuna mtoto wa miaka sita aliyetoka darasani akiamini kuwa mbweha anajua Kiarabu.

Katika utangulizi huohuo mna visa vifupi ambavyo tunapenda kuvitumia darasani. Kimoja ni cha mtu aliyetaka kuwa msemaji fasaha. Akamwendea rafiki yake mwenye elimu, akaandikiwa maneno ya Kiarabu fasaha katika karatasi ya manjano. Akaenda nayo kwake, akaikariri yote bila ya kufahamu maana. Siku moja barazani akasema neno, akaambiwa amekosea. Akakasirika, akauliza vipi akosee na ile karatasi ya manjano anayo nyumbani? Wenye kukariri usiku wa kuamkia mtihani, karatasi hii tunaijua.

Kingine ni cha mtu aliyemsikia mwizi ndani ya nyumba yake. Akaazimia kunyamaza, amwache mwizi akusanye, kisha ndiyo amwamkie. Mwizi akawa hana haraka, anazunguka huku na huku. Mwenye nyumba akapitiwa na usingizi. Alipoamka vitu vyote vimekwenda, na alikuwa amejua tangu mwanzo.

Mbali na kitabu hiki aliandika risala kwa khalifa al-Mansur, inayojulikana kama Risala ya Masahaba, na hapo masahaba ni wale watu wa karibu wa khalifa. Alimshauri juu ya nidhamu ya jeshi la Khurasan na ya kodi. Alimlalamikia pia kuwa hukumu za makadhi zinagongana, kiasi kwamba jambo moja la damu au la ndoa huhalalishwa Hira na kuharamishwa Kufa, jirani na jirani. Akapendekeza khalifa azikusanye hukumu hizo na hoja zake, kisha aandike kitabu kimoja cha kufuatwa. Ushauri haukufuatwa. Vinahesabiwa vilevile kuwa vyake vitabu vya adabu, kimojawapo kikiitwa al-Adab al-Kabir, chenye mafunzo ya kuishi na watawala na kuchagua marafiki.

Ole wake, huyu aliyefunza namna ya kuishi na watawala ulimi wake haukuwa salama. Inasimuliwa kuwa alikutana na Imamu al-Khalil bin Ahmad, mwanzilishi wa elimu ya arudhi, wakazungumza kwa muda mrefu. Walipoachana, al-Khalil aliulizwa amemwonaje, akasema elimu yake ni kubwa kuliko akili yake. Naye alipoulizwa juu ya al-Khalil, akasema akili yake ni kubwa kuliko elimu yake. Wasimulizi wanaongeza kuwa kila mmoja alisema kweli.

Alikuwapo Basra mtu mkubwa jina lake Sufyan bin Muawiya, wa ukoo wa al-Muhallab, aliyekuwa na pua kubwa. Ibn al-Muqaffa kila alipoingia kwake alimtolea salamu ya watu wawili, yaani yeye na pua yake. Watu wakicheka, na Sufyan akiweka moyoni. Tunajua kuwa watoto wetu pia hupeana majina kwa maumbile ya miili. Basi wasome yaliyofuata.

Mwaka 137 Hijria (754 Miladia) Abdullah bin Ali, ami wa khalifa, alimuasi al-Mansur akidai ukhalifa ni wake. Akashindwa vitani, akakimbilia Basra kwa ndugu yake Suleiman. Ndugu wakamwombea msamaha, na khalifa akakubali kutoa hati ya amani. Ibn al-Muqaffa ndiye aliyepewa kazi ya kuiandika, na aliiandika kwa kufunga kila mlango. Iliandikwa kuwa ikiwa khalifa atamsaliti ami yake, basi wake zake wametalikiwa, watumwa wake wameachwa huru, na Waislamu wamefunguliwa kutoka katika baia yake. Al-Mansur alipoisoma alighadhibika sana, akauliza nani aliyeiandika. Akatajiwa.

Karani alikuwa amefanya kazi yake kama inavyotakiwa, kumlinda mwenye kuomba amani. Na khofu yake ilikuwa ya haki, kwani Abdullah bin Ali baadaye alifungwa na akafia kifungoni.

Kisha Suleiman akauzuliwa uliwali wa Basra, na aliyewekwa badala yake ni nani? Sufyan bin Muawiya, mwenye pua. Siku moja Ibn al-Muqaffa aliingia katika nyumba ya liwali kwa shughuli, na hakutoka tena. Riwaya mashuhuri inasema kuwa tanuri liliwashwa, akakatwa viungo vyake kimoja kimoja na kutupwa motoni mbele ya macho yake. Hatutaeleza zaidi ya hapo kwa kuwa gazeti hili linasomwa na wadogo. Ilikuwa baina ya mwaka 139 na 142 Hijria (756 hadi 759 Miladia), naye alikuwa na umri wa kiasi cha miaka 36. Suleiman na Isa walishitaki kwa khalifa, wakaleta mashahidi waliomwona akiingia na hawakumwona akitoka. Inasemwa al-Mansur aliwatisha mashahidi hao mpaka wakarudi nyuma, na shauri likaishia hapo. Yule aliyempa mbweha kadhi, utetezi na mashahidi wawili, yeye mwenyewe hakupata hata kimoja.

Tusiwafiche kuwa wako waliosema ameuawa kwa sababu alikuwa zindiki, Majusi aliyejivika Uislamu. Imesimuliwa kuwa khalifa al-Mahdi aliona kila kitabu cha uzindiki asili yake ni yeye. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa, alimtuhumu kuwa ule mlango wa tabibu Burzuya, wenye maneno ya kutafuta dini ya kweli na kutoiona, aliuongeza ili awatie shaka wenye imani dhaifu. Wengine wamemtetea, wakaona sababu ya kuuawa ni ile hati na ile pua. Sisi tunaona maneno ya watu waliokuja baadaye hayatoshi kumtoa mtu katika dini aliyoikiri mbele ya kadamnasi. Yaliyomo moyoni mwake anayajua Mola wake. Mzazi anayetaka kuuruka mlango wa Burzuya na auruke, na hadithi za wanyama zitabaki palepale.

Kitabu chake hakikufa naye. Baadaye mshairi Aban al-Lahiqi alikigeuza kuwa mashairi ili Yahya al-Barmaki akihifadhi kwa wepesi, na inasemwa alilipwa dinari 10,000. Kilirudi kwa Waajemi kwa Kiajemi kipya, kikaenda kwa Waturuki, kwa Wayunani, kwa Mayahudi kwa Kiebrania, na kutoka Kiebrania kwenda Kilatini. Mwaka 1251 kilifasiriwa kwa Kihispania kutoka Kiarabu kwa amri ya Alfonso, mwana wa mfalme wa Castilla. Ufaransa, La Fontaine alipotoa mkusanyiko wake wa pili mwaka 1678, alikiri kuwa sehemu kubwa ameipata kwa mwenye hekima wa Kihindi. Huko mtawa wa samli na asali amekuwa msichana anayebeba maziwa kichwani kwenda sokoni, anaruka kwa furaha ya mali anayoiwaza, na maziwa yanamwagika.

Na Pwani yetu je? Mmisionari wa Kiingereza Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, aliandika hadithi alizosimuliwa na wenyeji, na mwaka 1870 zikapigwa chapa London. Humo mna kisa cha punda wa dobi. Katika kitabu cha Ibn al-Muqaffa, nyani mzee aliyenyang'anywa ufalme anakaa juu ya mtini pwani na kumtupia tini kobe wa majini. Mke wa kobe anajitia ugonjwa ambao dawa yake ni moyo wa nyani. Unguja mtini umekuwa mkuyu, matawi nusu yako upande wa mji na nusu upande wa bahari. Kobe amekuwa papa, mnyama ambaye kila mvuvi wa hapa anamjua. Mke mgonjwa hayumo tena, aliye mgonjwa ni sultani wa huko kwa akina papa. Na kima anaokoka kwa hila ileile, kwa kusema kuwa moyo ameuacha juu ya mti.

Papa anapomwita ashuke mara ya pili, kima anamuuliza kama anamdhani yeye ni punda wa dobi. Papa hamjui punda huyo, basi kima anamhadithia. Punda alipelekwa kwa simba mgonjwa, akarukiwa, akaponea chupuchupu, kisha akabembelezwa akarudi kwa miguu yake mwenyewe, akauawa. Aliyempeleka katika Kiarabu ni mbweha. Unguja ni sungura, kama mlivyokwisha kukisia. Simba aliposhughulika, sungura akala moyo na masikio. Simba akarudi akauliza viko wapi. Sungura akamwambia kuwa punda yule hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo asingerudi.